Mafuta ya Jumatano

Hosteli ya wanafunzi,
Kampala.
Jumamosi asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Naanza kwa kukusalimu kama ulivyonilea, salamu kwanza na mengine baadaye, hata kama hayo mengine yananichoma ulimi. Habari za Kyebando? Umeamkaje? Mgongo bado unakushika ukiinama kwenye beseni, au yale majani aliyokuletea Mama Arsène yamesaidia? Natumaini mvua ya juzi haikuingia tena ndani, maana Kaka Augustin aliapa kwamba ataweka tofali pale mlangoni, na viapo vya Augustin sote tunavijua. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Nimechoka tu. Nimechoka mpaka nikiketi nasahau nilikuwa nimekuja kuketi kwa ajili ya nini, na mikono yangu imepasuka kwa dawa ya klorini hata kushika kalamu ni kazi. Ukiona mwandiko umelala upande, usidhani shule imenipanda kichwani. Ni vidole.

Najua utashangaa kupokea barua kutoka kwa mtoto ambaye mko naye mji mmoja. Utasema Marlène amekuwa mzungu. Lakini Mama, kwenye simu hunipi nafasi. Nikivuta pumzi tu unasikia nina mzigo, unaanza kuomba, na ukishaanza kuomba mimi naitikia amina mpaka salio linaisha. Na uso kwa uso ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu utanitazama, nami nitameza maneno niulize kama kuna sombe iliyobaki sufuriani. Kwa hiyo nimeandika. Augustin amekubali kuileta mkononi mwako akitoka kazini Kabalagala, na nimemwambia asiifungue. Nakuomba uisome yote, mpaka chini, kabla hujanipigia.

Nianze na shule, kwa sababu ndiko jambo hili lilikoanzia. Mwaka huu tunasoma habari za vijidudu, vile ambavyo wewe unaviita mikrobe, na jinsi ya kuvizuia visitoke kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine. Mwalimu wetu wa maabara ni Bwana Ocira, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, anafundisha kama mtu anayesoma tangazo la msiba redioni. Siku ya kwanza alitupa kila mmoja sahani ndogo yenye jeli nyekundu, jeli iliyochanganywa na damu ya kondoo, akasema tubonyeze vidole vyetu juu yake. Halafu tukanawe, tubonyeze tena kwenye sahani nyingine. Sahani zikawekwa kwenye kabati la joto. Kesho yake tulipofungua, Mama, sikutaka kula. Kila mahali kidole kilipogusa palikuwa na vitone, vyeupe, vya kijivu, vya njano. Rafiki yangu Moreen, yule Mkenya anayejipaka losheni yenye harufu ya maua, sahani yake ilikuwa bustani. Hata ile ya baada ya kunawa, kwa wengi wetu bado ilikuwa na kitu, hasa pembeni mwa kucha na chini ya pete. Bwana Ocira alizipitia moja moja, akasema kwamba hiyo ndiyo mikono ambayo mama zetu wanajivunia.

Kitu kimoja Bwana Ocira anakichukia kuliko uvivu, nacho ni chupa ya kuongezewa. Wodini sabuni ya maji ikipungua, mtu anamimina nyingine juu ya ile iliyobaki, tena anaongeza maji kidogo ili ifike jioni. Chupa haimaliziki, haioshwi, mwaka unapita. Alichukua tone la sabuni hiyo akaliotesha, na sabuni yenyewe, kitu cha kuoshea, ikatoa vijidudu tele. Akasema chupa humalizwa, huoshwa, hukaushwa, ndipo hujazwa. Alilirudia hilo mpaka tukachoka. Mimi nilipolisikia mara ya kwanza, chupa iliyonijia kichwani haikuwa ya sabuni. Niliifukuza ile fikra upesi, nikaendelea kuandika.

Sasa nije wodini. Unaijua wodi yetu, ile ya akina mama waliofanyiwa upasuaji, kuliko wakubwa wengi wa hospitali. Lakini wewe unaiona Jumatano saa ya kuwaona wagonjwa, wamevaa kanga safi na wameketi. Mimi naiona asubuhi, bandeji zinapofunguliwa. Tangu baada ya Pasaka vidonda vilianza kuharibika. Mtu anashonwa vizuri, siku za kwanza anaendelea vizuri, halafu kingo za kidonda zinakuwa nyekundu, zinavimba, usaha wa njano unatoka, nyuzi zinaachia. Mmoja wao ni Teresa, yule mfanyabiashara wa viatu kutoka Bungoma ambaye unampenda kwa sababu mnaelewana Kiswahili, mwenye kitanda cha dirishani. Wewe uliniambia siku moja kwamba Teresa anapona kwa sababu ana imani. Mama, Teresa amerudishwa chumba cha upasuaji zaidi ya mara moja kusafishwa tumbo. Dawa tulizompa hazikumsaidia, tukabadilisha. Kila nikimfungua bandeji anageukia ukutani, anashika chuma cha kitanda, ananiita musawo kana kwamba ni muuguzi kamili, ananiambia nifanye haraka. Hanilaumu. Ningependa anilaumu.

Mkuu wa wodi ni Sista Lamwaka, mwanamke wa Gulu, mfupi, mkali lakini si mbaya. Alituita sote akasema kidonda kimoja kikioza ni bahati mbaya, lakini vikiwa wodi nzima basi kuna mtu au kitu kinachotembea na vijidudu. Alimwaga sabuni zote. Alichemsha vyombo upya. Aliwakalia mafundi wa maji mpaka wakasafisha tangi. Alitukataza kuvaa saa na pete, akamkata Moreen kucha mwenyewe mbele yetu, na Moreen alilia kana kwamba amekatwa kidole. Vidonda havikupona. Ndipo Bwana Ocira akaja na vijiti vya pamba, akatupima sote, wauguzi, wanafunzi, wafagiaji, hata daktari mpasuaji, mikononi na puani.

Majibu yalipotoka, nilikuwa mimi. Wengine walikuwa na vijidudu vya kawaida ambavyo kila binadamu anavyo. Mimi puani mwangu paliota vile vya njano, vinaitwa stafilokokasi, na dawa zilizoshindwa kwa Teresa zilishindwa pia kwa vya kwangu. Sista hakunipigia kelele. Aliniita pembeni, akaniambia hii si dhambi, watu wengi hutembea navyo na hawaumwi, lakini kuanzia siku ile nisiguse kidonda. Walinipa marhamu ya kupaka puani na sabuni ya kuogea, wakanipeleka stoo kukunja gozi za kufungia vidonda na kuhesabu mashuka. Wewe nilikuambia nimehamishiwa stoo ili nijifunze kazi ya vifaa, ukanipongeza, ukasema ni cheo. Nilikudanganya kwa sababu sikuwa na nguvu ya kueleza. Darasani wenzangu walianza kukaa benchi la mbele yangu na la nyuma yangu, langu wakaniachia lote. Hakuna aliyesema neno baya. Walisogea tu. Nilijiuliza ni wangapi nimewaharibia matumbo kwa mikono yangu hii, nikiwaambia pole mama, pole mama.

Halafu, Mama, likatokea jambo ambalo lilipaswa kunifurahisha. Nikiwa stoo, sijagusa mgonjwa hata mmoja, mwanamke mwingine alioza kidonda. Aliingia mimi nikiwa nimeshaondolewa. Alishonwa mwanzoni mwa wiki, akawa mzuri, Jumatano alikuwa mzuri, na kufikia mwisho wa wiki usaha ulikuwa umeanza. Bwana Ocira alikuja stoo akaketi juu ya boksi la gozi, akaniuliza kwa sauti yake ile ya msiba, mimi nilivipata wapi. Akasema puani mwa mtu si chemchemi, kuna aliyempa. Tumepima kila anayefanya kazi hapa, akasema. Ni nani anayegusa vitanda vyote na hatujampima?

Nilimjibu sijui. Nilijua kabla hajamaliza kuuliza.

Mama, nisikilize polepole hapa. Unakuja kila Jumatano na akina mama wa kanisa. Wenzako wanaimba, wengine wanaleta uji, lakini wewe ndiye mwenye chupa. Unaanzia kitanda cha mlangoni mpaka cha dirishani. Unainamisha chupa kwenye kidole chako cha kati, unampaka mgonjwa kwenye paji la uso, halafu unamuuliza wapi panauma, naye anainua nguo anakuonyesha, na wewe unapaka pale pale, kando ya bandeji, mara nyingine chini yake kwa sababu anakuomba ufike pale penyewe. Kidole hicho hicho, chupa hiyo hiyo, kitanda hadi kitanda. Siku moja nilikunong'oneza kwamba ungenawa katikati, ukacheka ukasema, Marlène, Mungu hana mikrobe. Nilicheka pia. Tulikuwa tumekubaliana tusionyeshe wodini kwamba tu mama na mtoto, maana Sista hapendi ndugu za wanafunzi kuingiaingia, nami nikaona kukubishia kutatufichua.

Na kidole chenyewe. Kidole hicho cha kati kimevimba pembeni mwa ukucha tangu mwaka jana kwa sababu ya kufua nguo za watu, mikono haikauki. Kinapona, kinarudi. Ukikibinya kinatoa usaha kidogo, unakifuta na kitambaa unaendelea. Sote nyumbani tumekizoea kama tulivyozoea mlango unaolia.

Na mafuta. Nayajua mafuta hayo tangu sijajua kusoma. Chupa ile Bibi alikupa Bukavu, mafuta yake yakiwa yameombewa na wazee wa kanisa siku tatu za kufunga, na tulipokimbia uliacha sufuria, ukaacha hata picha za harusi, ukaifunga chupa ndani ya kitenge tumboni. Tangu hapo haijawahi kwisha. Ikifika nusu unaongeza mafuta ya dukani juu yake, ili yale ya Bibi yabariki haya mapya, na mafuta yaliyoombewa hayamwagwi. Hivyo ndivyo ulivyofundishwa na sikuwahi kuona ubaya wake. Kila Jumapili jioni kabla sijarudi hosteli unanipaka, kwenye paji, kwenye pua, kwenye midomo, ili nisome vizuri. Nilipopewa marhamu ya pua nilikuwa naitumia wiki nzima, halafu Jumapili ninakuja kwako.

Bwana Ocira ametueleza kwamba vijidudu hivi haviongezeki sana kwenye mafuta, lakini pia havifi. Vinakaa tu, vinasubiri mahali pa joto na unyevu. Kidonda ni mahali pa joto na unyevu.

Sasa nakiri la kwanza, la pili litafuata. Jumapili ile nilipokuja na kile kikopo cha maji ya chumvi, nikakuambia leo nataka kukuosha kidole vizuri kama muuguzi halisi, ulifurahi sana. Ulimwita Mama Arsène aje aone. Ulisema shule imelipa. Mama, pamba ya kwanza niliyoipitisha pembeni mwa ukucha wako haikuwa ya kukusafisha. Nilikuwa nimeichukua maabara kwa Bwana Ocira. Nilikivunja kijiti chake ndani ya kichupa cha vipimo, nikakificha kwenye sidiria. Na ulipotoka kumsindikiza Mama Arsène nilifungua mafuta ya Bibi, nikachovya nyingine. Halafu ndipo nikakuosha, nikakufunga bandeji, ukanibariki. Nililia kwenye boda njia nzima, na dereva akaniuliza kama nimefiwa.

Nilimpa Bwana Ocira vile vichupa Jumatatu asubuhi, bila majina. Hakuniuliza ni vya nani. Nadhani aliniona usoni. Siku zile za kungoja zilinimaliza, kwa sababu Jumatano ilikuwa inakuja, na sikujua nitafanya nini ukitokea mlangoni na chupa yako. Halafu Jumanne ukanipigia kusema mzee wa kanisa amefariki, kwamba akina mama wote mnakwenda kukaa matanga na wodini hamtakuja. Nilimshukuru Mungu, Mama. Mtu amekufa na mimi nikapiga magoti stoo kati ya mashuka nikashukuru. Ukitaka kunifungia sala ya toba, anzia hapo.

Alhamisi Bwana Ocira aliniita maabara akaziweka sahani sambamba mezani. Ya kidole, ya mafuta, ya kidonda cha Teresa, na ile yangu ya puani. Zote njano. Alinionyesha vile vidonge vya dawa vinavyowekwa juu ya jeli, jinsi dawa zile zile zilivyoshindwa kwenye zote nne na ile moja ilivyofaulu kwenye zote nne. Alisema yeye si mtu wa kuapa, kwamba maabara kubwa ingeweza kusema kwa uhakika zaidi, lakini kama angekuwa muuguzi wa wodi ile asingesubiri maabara kubwa. Kisha akaniambia anayepaswa kwenda kwa Sista ni mimi, siyo yeye. Akaondoka kwenda kunawa.

Nilikaa pale na zile sahani nikakuonea hasira. Nakuambia ukweli. Nilikasirika kwa ajili ya Teresa, kwa ajili ya benchi langu tupu, kwa ajili ya kicheko chako cha Mungu hana mikrobe. Halafu nikakasirika zaidi kwa sababu hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda. Hukufanya kosa lolote ulilolijua. Ulikuwa ukiwafanyia wageni kitu bora kuliko vyote ulivyo navyo. Kama ungekuwa mwanamke mbaya ningelala.

Kulikuwa na njia nyepesi. Wodini tayari walikuwa na mkosaji, naye ni mimi. Ningeweza kunyamaza, nikutungie kisa, nikuambie wodi imefungwa kwa ukarabati, usije tena. Lakini kidole kingebaki, chupa ingebaki, na wewe usingekaa nyumbani, nakujua, ungetafuta hospitali nyingine yenye watu wasio na wa kuwaombea. Na wale waliokwisha kupakwa wanahitaji dawa ile moja mapema, kabla nyuzi hazijaachia. Mtu hawezi kupewa dawa kwa siri.

Kwa hiyo jana nilikwenda ofisini kwa Sista Lamwaka. Hili ndilo la pili. Nilimwambia nadhani ni mafuta ya maombi. Hakushangaa sana, alishusha tu miwani, akauliza ni yupi kati ya wale akina mama. Nikasema mwenye chupa. Akasema basi ataacha maelezo getini, mwanamke wa Kikongo mwenye kitenge na chupa ya mafuta, askari asimruhusu kupita, na akileta ubishi wamtoe. Alichukua simu ya ofisi. Nilikuona kichwani mwangu pale getini, Mama. Nilikuona umevaa kile kitenge cha njano cha kanisani, umebeba uji wa Teresa, askari anakuzuia kwa rungu mbele ya wenzako kama mchuuzi wa karanga, na wewe unatabasamu ukidhani ni utani. Sista alikuwa anauliza kama namjua jina lake, maana getini wanataka jina. Ningeweza kusema simjui. Wakongo wako wengi Kampala, nani angeuliza zaidi?

Nilisema anaitwa Hortense, anakaa Kyebando, na ni mama yangu.

Alirudisha simu. Alivuta kiti akaniketisha. Akaniuliza nilivipataje vipimo vya kidole, nikamwambia nilivyokwisha kukuambia hapo juu. Akasema kwa Kiswahili chake kile cha barabarani, "Wewe naleta mama yako mwenyewe?" Sikujua kama ananisifu au ananilaumu kwa kukushtaki mwenyewe, na nadhani yeye pia hakujua. Nilimwomba kitu kimoja, asikuwekee askari, aniache nikuambie mimi. Amekubali. Ndiyo maana ya barua hii.

Hivi ndivyo anavyosema. Jumatatu asubuhi uje, usipitie wodini, uje moja kwa moja kliniki ya nje, mimi nitakuwa pale. Watakifungua kidole vizuri, watatoa usaha, utapewa dawa ya kumeza ile inayofanya kazi, na utameza zote mpaka ziishe hata kikipona siku ya pili. Usifue bila glavu za mpira. Augustin atakununulia, nimemwambia ni amri. Kitambaa unachofutia kidole kichemshwe, na taulo yako iwe yako peke yako. Usimpake mtu yeyote mafuta, hasa mwenye kidonda, hata mtoto wa jirani, hata mimi. Kidole kikipona na kipimo kikiwa safi, Sista anasema unaweza kuja kuomba kama watu wengine, unanawa mlangoni, hugusi. Kuhusu chupa, alisema imwagwe. Nilimwambia hilo sitaweza kukuagiza. Mafuta ni yako na ya Bibi. Mimi naomba tu yasitoke nyumbani.

Kuhusu mimi, nitabaki stoo mpaka pua iwe safi, na shule itakaa kuzungumza kama mwanafunzi aliyeficha ndugu yake wodini anafaa kuendelea. Wakinifukuza nitakuambia. Sina nguvu ya kuogopa hilo sasa, labda wiki ijayo.

Najua jambo moja litakuuma kuliko askari na kuliko kidole. Ni kwamba tangu tuondoke Bukavu, Jumatano ndiyo siku pekee ambayo hakuna anayekuita mkimbizi. Unaingia mlangoni na watu wanakungoja. Mimi ndiye niliyekunyang'anya siku hiyo, kwa mkono uliouosha na kuubariki. Nakupenda, Mama. Ningejitaja mimi mara kumi kama ingetosha kumponya mtu. Ukiwa na maneno makali, yaseme Jumatatu, nitayasikia yote. Ila njoo.

Nisalimie Augustin, mshukuru kwa kubeba mzigo asioujua. Msalimie Mama Arsène, naye usimpe mkono kwa sasa, mwambie nimekukataza. Wasalimie akina mama wote wa kanisa, uwape pole ya msiba. Moreen anakusalimu, jana alikuja kuketi benchi langu bila kusema kitu, akaniomba kalamu.

Teresa naye anakusalimu sana. Bado hajaambiwa, Sista atamwambia mchana huu na nimeomba niwepo. Asubuhi nilipita dirishani kwake kumwona kidogo, akanishika kwa macho, akanituma kwa yule mama wa mafuta, hajui kwamba ni mama yangu. Anasema Jumatano ile ambayo hukuja kidonda kilimsumbua zaidi. Anasema, hii Jumatano tafadhali usikose, uanze na kitanda chake.

Mimi binti yako,
Marlène